Kumpiga picha bundi wa Nairobi msimu wa baridi bila kumsumbua: garini, kwa miguu au mafichoni?

Kati ya Juni na Agosti anga ya Nairobi hufunikwa na wingu la kijivu ambalo mara nyingi haliondoki hadi alasiri, na siku nyingine haliondoki kabisa. Kwa mpiga picha wa twiga hiyo ni hasara, lakini kwa anayemtafuta bundi ni fursa, kwa sababu siku za wingu zito huwafanya baadhi ya bundi watoke kuwinda mapema kabla ya giza, na pia hakuna vivuli vikali vya jua la mchana juu ya uso wa bundi aliyelala mtini. Ndiyo maana wengi huamua kumtafuta msimu huu, kisha wakakwama kati ya njia tatu: kukaa ndani ya gari katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, kutembea katika misitu ya jiji kama Karura, au kujificha ndani ya hema katika shamba la mtu aliyekubali. Njia ya nne ni kamera ya mtego, nayo nitaigusia kwa ufupi kwa kuwa inawafaa wachache.

Kabla ya kulinganisha, kuna jambo moja ambalo nadhani huwapotosha wasomaji wetu. Miongozo mingi ya kumpiga picha bundi wakati wa baridi imeandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini, ambako theluji huwafunika panya, na bundi anayerushwa kutoka mahali pake hupoteza nguvu ambazo huenda asizipate tena siku hiyo. Nairobi haina theluji, na miti mingi ya misitu yetu hubaki na majani mwaka mzima. Hasara kubwa ya bundi wa hapa anapotimuliwa mchana ni kupoteza maficho. Dakika moja baada ya kuruka, kunguru na shore humzunguka kwa kelele, kila tai aliye karibu hujua alipo, na watu wanaomwogopa hujua pia. Kipimo cha kwanza cha njia yoyote, basi, ni jinsi inavyoyaacha maficho ya ndege huyu yakiwa bado maficho.

Vigezo vya kulinganisha

Nitaitazama kila njia kwa vigezo vinne: anacholipa ndege, ubora wa mwanga na picha, gharama pamoja na ruhusa na usalama, na mtu anayefaa kuichagua.

Kigezo cha kwanza hakipimwi kwa mita. Bundi mmoja humvumilia mtu aliye hatua ishirini naye, na mwingine huruka mtu akiwa hatua themanini mbali, kwa hiyo msomaji hana budi kujifunza kumsoma ndege mwenyewe. Bundi aliyetulia hufumba macho au huyaacha wazi kama ufa mwembamba, manyoya yake huwa yamelegea, na mara nyingi husimama kwa mguu mmoja. Aliyeshtuka hufungua macho wazi, hujinyoosha akawa mwembamba kama kipande cha tawi, na kama ni wa jamii yenye vishungi vinavyofanana na masikio, vishungi hivyo husimama wima. Watu wengi humwona katika hali hii ya pili na kusema kwamba amekubali kupigwa picha, ilhali ameganda kwa hofu. Akianza kuinama mbele na kuyumbisha kichwa, yuko karibu kuruka, na mpiga picha alipaswa kuwa amerudi nyuma zamani.

Yapo mambo ambayo hayahalalishwi na njia yoyote. Kumchezea bundi sauti ya bundi mwingine iliyorekodiwa humfanya aache mawindo au kiota ili akatetee eneo lake dhidi ya mgeni asiyekuwepo. Kumtupia panya wa chambo humfundisha kuwafuata watu, katika jiji ambalo si kila mtu anampenda. Kupiga makofi au kurusha kijiti ili afungue macho, kukata matawi yanayomkinga, kumwashia flashi usiku na kumrushia droni vyote vinaingia katika kundi hilohilo.

Njia ya kwanza: ndani ya gari, Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi

Anacholipa ndege. Gari huficha umbo la binadamu, na wanyama wa mbuga hii, iliyoanzishwa mwaka 1946, wamezoea magari kiasi kwamba bundi aliye kwenye nguzo au mti wa kando ya barabara mara nyingi humtazama dereva kwa sekunde chache na kurudi katika shughuli zake. Masharti ni mawili. Gari lisimame mara moja na kuzimwa, badala ya kusogezwa kidogo kidogo huku injini ikinguruma, kwa maana mwendo huo wa kunyemelea ndio unaomtia wasiwasi. Pia gari lisitoke barabarani. Hilo limekatazwa, na katika nyika lina sababu ya ziada: bundi wa vinamasi hutaga mayai chini, ndani ya majani marefu, na dereva hawezi kukiona kiota kabla ya kukikanyaga. Tatizo halisi la njia hii ni magari mengine. Moja likisimama, la pili husimama kuuliza kama kuna simba, na ndege aliyevumilia gari moja huenda asivumilie matano.

Mwanga na picha. Eneo la kilomita za mraba 117 lina msitu upande wa magharibi, karibu na lango kuu la Lang'ata, nyika pana upande wa mashariki na kusini, na miti mikubwa kando ya mto Mbagathi inayopendwa na bundi wa Verreaux, yule mkubwa mwenye kope za rangi ya waridi. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na mwezi wa Julai jua huchomoza yapata nusu saa baadaye. Nusu saa hiyo ndiyo ya bundi wa vinamasi, lakini msomaji asijidanganye kuhusu kamera: kwa lenzi ya kawaida yenye upenyo wa f/5.6, yaani ukubwa wa tundu la kuingizia mwanga, mwanga wa dakika za mwisho za nusu saa hiyo unatosha kumpiga ndege aliyetua, kwa kasi ya shata ya 1/60 ya sekunde na ISO 3200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ambao ukipandishwa huleta chembechembe kwenye picha), na hautoshi kumgandisha akiwa anaruka. Picha ya kuruka inawezekana baada ya jua kuchomoza nyuma ya mawingu, ambapo kasi ya 1/1000 hupatikana kwa ISO hiyohiyo au ya juu kidogo. Mfuko uliojazwa maharagwe na kuwekwa kwenye dirisha hushikilia lenzi vizuri kuliko mkono. Udhaifu wa gari ni pembe, kwa sababu bundi aliye juu ya mti ulio karibu hawezi kufikiwa na dirisha bila kupinda shingo na kuishia na picha ya tumbo lake.

Gharama, ruhusa na usalama. Ada hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa kila mtu na kwa gari, na anayetaka kurudi kila wiki ataziona zikijumlishana. Kushirikiana gari hupunguza gharama ya kila mmoja, ingawa watu wanne ndani ya gari moja hulitikisa na huzungumza. Hakuna kutembea usiku wala kushuka nje ya sehemu zilizoruhusiwa, na amri hiyo haihitaji maelezo mahali penye nyati na simba.

Anayefaa. Njia hii inamfaa mwenye lenzi ndefu na ari ya kuamka mapema, mwenye familia asiyetaka kuiacha nyumbani, na yeyote ambaye miguu yake haimruhusu kutembea mwendo mrefu. Inamfaa pia anayeanza, kwa kuwa makosa yake hayamfikii ndege kirahisi.

Njia ya pili: kwa miguu katika misitu ya jiji

Anacholipa ndege. Hapa ndipo pana mambo mengi ya kuelewa. Binadamu aliyesimama ni umbo ambalo karibu kila ndege hulihofia, na hata hivyo bundi wa msituni (African wood owl) huishi karibu na njia za Karura zinazopitiwa na wakimbiaji, baiskeli na mbwa kila siku. Amezoea watu wanaopita. Anachokihofia ni mtu anayesimama ghafla, akamkodolea macho, akamwelekezea kioo kikubwa cha mviringo kinachofanana na jicho. Kwa hiyo anayemwona asisimame palepale. Aendelee na mwendo wake hatua kadhaa, arudi taratibu kwa mshazari badala ya kumjia moja kwa moja, na asimame mahali anapoonekana wazi. Kujificha nyuma ya miti na kuchungulia ni tabia ya mwindaji, na bundi anaijua vyema kuliko sisi. Asubiri macho yafumbe tena ndipo afungue miguu ya tripodi. Dakika kumi zinatosha, kisha aondoke kwa njia aliyojia.

Wengi humpata bundi kwa kufuata kelele za ndege wadogo, na ni njia sahihi ya kumtafuta, lakini ndege wadogo wakiwa wanampigia kelele, bundi huyo tayari yuko mashakani. Kumsogelea wakati huo ni kumwongezea adui mwingine. Ni vyema kukumbuka mti, kuondoka, na kurudi siku nyingine kwa kutafuta alama tulivu zaidi: madoa meupe ya kinyesi shinani, na vidonge vya manyoya na mifupa ambavyo bundi hutema baada ya mlo.

Mwanga na picha. Kivuli cha msitu chini ya wingu la Julai ni kizito, na mtu anayeng'ang'ania kasi ya 1/250 kwa f/5.6 atahitaji ISO 3200 hata saa nne asubuhi. Lakini bundi aliyelala hatikisiki. Kwa tripodi imara na kasi ya 1/60, picha hiyohiyo hupatikana kwa ISO 800 na chembechembe chache sana, jambo linalofanya ndege aliyetulia kuwa pia ndege mwenye picha safi. Ugumu ni ukubwa wake. Bundi wa Verreaux mwenye urefu wa sentimita 65, akipigwa kwa lenzi ya milimita 400 kutoka mita 30 kwa kamera yenye kihisi kikubwa (full-frame), huchukua takriban theluthi moja ya kimo cha picha ya mlalo. Bundi wa msituni ni mdogo kwa karibu nusu, hivyo ukubwa uleule humtaka mpiga picha awe mita 15 tu kutoka kwake, na hapo ndipo kishawishi cha hatua moja zaidi kinapoingia. Ushauri wangu ni kumwacha awe mdogo katika picha. Bundi aliye kati ya majani, huku mistari ya kifua chake ikichanganyika na gome la mti, anamweleza mtazamaji jinsi ndege huyu anavyoishi, na sura iliyojaza fremu nzima haiwezi kulisema hilo.

Gharama, ruhusa na usalama. Hii ndiyo njia nafuu kuliko zote. Karura ina takriban hekta 1,000, na bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, ina karibu hekta 30 tu lakini iko umbali wa kutembea kutoka katikati ya jiji. Malango hufungwa kabla ya giza, kwa hiyo njia hii ni ya bundi aliyelala, si ya bundi anayewinda. Anayepiga picha za biashara aulize kuhusu kibali langoni kabla ya kufungua begi. Ni busara kwenda wawili na kubaki kwenye njia rasmi. Asiyejua pa kuanzia anaweza kujiunga na matembezi ya Jumatano asubuhi ya shirika la uhifadhi la Nature Kenya yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, ajifunze kuwatambua ndege pamoja na watu wenye uzoefu, kisha arudi peke yake kwa ajili ya picha, kwa maana kundi zima chini ya mti mmoja ni mzigo kwa bundi yeyote.

Kuna gharama nyingine isiyolipwa langoni. Bado wapo watu wengi wanaoamini kwamba bundi akilia karibu na nyumba kuna msiba unaokuja, na bundi aliyejulikana anapolala hupigwa mawe kwa sababu hiyo. Picha iliyowekwa mtandaoni pamoja na jina la njia, namba ya alama ya njia au mti unaotambulika inaweza kumletea umati wa wapenzi siku ya kwanza na vijana wenye mawe siku ya pili. Simu nyingi huhifadhi viwianishi vya mahali ndani ya picha, na ni wajibu wa mpiga picha kuvifuta kabla ya kuituma kwa mtu yeyote. Kuandika "Nairobi" kunatosha. Kati ya njia zote tatu, hii ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya aina hii, kwa sababu mahali penyewe panafikiwa na kila mtu.

Anayefaa. Inamfaa mtu mwenye muda mfupi wa asubuhi, bajeti ndogo na nidhamu kubwa. Asiyeweza kuondoka bila picha asianze na njia hii.

Njia ya tatu: hema la maficho shambani

Anacholipa ndege. Ukishaingia ndani na hema likazoeleka, hakuna njia inayomgharimu bundi kidogo kuliko hii. Kulisimamisha ndiko kunakomgharimu sana, na wengi husahau sehemu hiyo. Hema lisimamishwe usiku baada ya bundi kutoka kwenda kuwinda, kwanza mbali, kisha lisogezwe kwa siku kadhaa ikiwa tu anarudi mahali pake bila kusita. Mpiga picha aingie kabla ya alfajiri na asitoke hadi ndege aondoke au afumbe macho kabisa. Mbinu ya zamani ya watu wawili kuingia na mmoja kutoka husaidia, kwa sababu ndege akimwona mmoja akienda zake huamini pamekuwa patupu. Ukimya ni wa lazima kuliko kitu kingine chochote: imethibitishwa kwa majaribio kwamba bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, anayelala katika maghala na dari zetu, anaweza kumkamata panya katika giza totoro kwa kutumia masikio peke yake. Jaketi la plastiki linalochakarika huharibu asubuhi nzima, na kamera yenye shata isiyo na sauti ina thamani kubwa hapa.

Mwanga na picha. Hapa ndipo zinapopatikana picha za tabia, yaani bundi akijinyoosha bawa na mguu kabla ya kutoka, akitema kidonge, au akirudi na panya. Nyingi hutokea mwanga ukiwa umekaribia kuisha. Mahali penye taa ya ulinzi inayowaka kila usiku, bundi mara nyingi huja kuwinda wadudu na panya walio karibu nayo, na kutumia mwanga huo aliokwisha kuuzoea ni bora kuliko kuleta taa mpya.

Gharama, ruhusa na usalama. Hema na kiti havigharimu sana, lakini makubaliano ndiyo kazi. Mwenye shamba, majirani, mlinzi na wazee wa nyumba kumi waarifiwe mapema, kwa kuwa mtu aliyejificha kichakani saa kumi na moja alfajiri huko Kiambu au Kitengela anaweza kudhaniwa kuwa mwizi kabla hajapata nafasi ya kujieleza. Usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10, na anayekaa bila kutikisika huisikia baridi hiyo mara mbili. Mwenye shamba alipwe kitu. Huko Mweiga, katika kaunti ya Nyeri, bundi wakubwa wa Mackinder hulala kwenye miamba iliyo kati ya mashamba, na wageni wanaolipa kuja kuwaona wamewapa wakulima sababu ya kuwalinda ndege waliokuwa wakiogopwa. Mkulima aliyeona faida hiyo ni rahisi pia kumwomba apunguze sumu ya panya, ambayo humuua bundi anayemla panya aliyekwisha kuila.

Anayefaa. Inamfaa mvumilivu mwenye wikendi kadhaa mfululizo, anayetaka kuujua mwenendo wa ndege mmoja. Haimfai aliyepita Nairobi kwa siku mbili, hata awe na vifaa bora kiasi gani.

Kamera ya mtego

Kamera inayojiwasha kiumbe akipita mbele yake, ikitumia mwanga wa infraredi usioonekana, humwondoa binadamu kabisa. Iwekwe kwenye beseni la maji au nguzo anayotua bundi, mbali na kiota, na ifungwe kwa mnyororo ili isiibwe. Picha zake nyingi ni za rangi ya kijivu na hazina uzuri wa kutundikwa ukutani, lakini kwa mwenye shamba anayetaka kujua ni bundi gani anayemlindia mahindi, hakuna njia iliyo rahisi zaidi.

Uchague nini kwa hali yako

Ukiwa na asubuhi moja tu na unamtaka bundi anayeruka, nenda mbugani na uwe langoni kabla halijafunguliwa, kisha uelekee kwenye nyika badala ya msitu. Ukiwa na asubuhi nyingi fupi na pesa kidogo, nenda Karura siku za katikati ya wiki, wakati njia zina watu wachache, na uridhike na bundi aliyelala. Anayemiliki lenzi ya milimita 300 au fupi zaidi atafanya vizuri zaidi hemani, au msituni kwa picha pana za mti na ndege. Garini atajikuta akikata picha hadi ziwe chembechembe tupu.

Ukiwa na watoto, gari ni bora, na uwape darubini badala ya kamera. Ukiwa na kundi la marafiki, gawanyikeni: mbugani magari mawili yasisimame pamoja kwa ndege mmoja, na msituni msiende zaidi ya watatu kwa mti mmoja. Ukikuta tayari kuna watu chini ya mti, pita. Aliyekuomba umwonyeshe bundi ulikompata, mpeleke mwenyewe ukimwamini, au mkatalie kwa heshima, lakini usimtumie ramani.

Na ikiwa bundi yuko kwenye kiota, au amebaki kwenye mti uleule siku kadhaa kiasi cha kukufanya ushuku hivyo, acha njia zote tatu kwa muda. Karibu na ikweta kuzaa hakufungwi na mwezi mmoja, kwa hiyo usidhani baridi ya Julai ni salama. Makinda ya bundi wa Verreaux huondoka kiotani takriban miezi miwili baada ya kuanguliwa, na hata baada ya hapo hubaki karibu na wazazi kwa muda mrefu. Bundi uliyemwona ametulia juu ya kiota mwezi Julai unaweza kumpangia safari ya Oktoba, ukiwa na familia nzima ya kupiga picha.